Mlango Alioung'oa Fuatino

Saa nne na nusu usiku Fuatino alikuwa ameketi kwenye kitanda kisicho chake, katika chumba kisicho na mlango, akiikodolea macho simu kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mwenye kitanda, binti yake Litara wa miaka kumi na sita, alikuwa amekwenda kulala kwa Tegan, rafiki yake wa shule, ng'ambo ya barabara kuu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Walikubaliana atume jumbe mbili, mmoja saa tatu na mwingine saa nne. Wa saa tatu ulikuja: "Nimefika." Neno moja, kavu kama mkate wa juzi. Wa saa nne haukuja.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya sita akaapa kuwa hiyo ndiyo ya mwisho, na ya saba akaamua haihesabiki kwa kuwa kidole kiliteleza. Kisha akampigia mumewe, Iakopo, aliyekuwa zamu ya usiku kwenye ghala la nyama ya barafu.

"Amelala," Iakopo alisema.

"Umejuaje?"

"Ni usiku, mama Litara. Watu hulala. Jaribu na wewe."

"Na kama hajalala?"

"Basi yuko macho. Nina ng'ombe mzima ananing'inia mbele yangu hapa, acha nifanye kazi."

Huko alikokulia Fuatino, katika kijiji cha kisiwa cha Savai'i, mtoto wa kike alilala walipolala watu wake. Akionekana ametoka asubuhi nyumba nyingine, majirani waliuliza mambo mawili tu: nani amekufa, au nani amegombana na nani. Miaka ishirini na mbili ya kuishi Logan, kusini mwa Brisbane, ilikuwa imemfundisha mengi. Alijua kuendesha gari. Alijua kujikinga na wale ndege wanaodonoa vichwa vya watu mwezi wa tisa. Shule aliiachia kidato cha tatu ili amtunze bibi yake, lakini barua za serikali alizisoma mwenyewe, polepole, huku amesimama. Ila hili la mtoto kulala kwa watu lilikuwa bado linamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Na ruhusa aliitoa mwenyewe, tena kwa hila. Hila hiyo ilikuwa na kisa chake, na kisa kilianza na mlango.

Wiki tatu nyuma Litara alijifungia chumbani saa tisa alasiri, akakaa humo mpaka saa moja, akizungumza na mtu kwenye simu kwa sauti ya chini. Fuatino alipita mbele ya mlango ule mara kumi na moja. Alipita na ufagio, akapita na nguo za kukunja, akapita na ufagio tena. Mara ya kumi na mbili alikuja na bisibisi. Iakopo aliporudi kutoka kazini alikuta mlango umeegemezwa gereji, ubavuni mwa mashine ya kukatia nyasi, na mkewe anakoroga supu kama mtu asiyejua lolote.

Tumtendee haki kidogo. Fuatino alizaliwa katika nyumba isiyo na kuta: nguzo, paa, na mapazia ya makuti ya kushushwa mvua ikija. Hakuwahi kubisha hodi utotoni, kwa kuwa hapakuwa na pa kubisha. Ukipita karibu na nyumba ya mtu, yeye ndiye anayekuona na kukuita: njoo ule. Asipokuita, umeelewa. Kwa hiyo mlango uliofungwa mchana, na mtu yumo ndani, na wewe uko nje hujaitwa, kwake lilikuwa tusi la wazi. Litara alizaliwa Logan. Kwake mlango ulikuwa mlango.

"Mama yake Tegan anabisha," Litara alisema siku ile, akizitazama bawaba zilizobaki zikining'inia.

"Mama yake Tegan hakukuzaa."

"Ndiyo bahati yangu mbaya."

Kuanzia hapo nyumba ikawa na maneno matatu: ndiyo, hapana na sijui. Ndipo shangazi Oliana, dada yake Iakopo anayeishi Auckland, akasikia (na nani alimwambia, Fuatino hakuhitaji kuuliza), akapiga simu. Watoto wake wote walikuwa wameoa na kuolewa. Alikuwa na vyumba vinne vitupu, vyote vina milango. Litara aje, amalizie miaka yake miwili ya shule huko. Tiketi ataitoa yeye. Ila alitaka jibu Jumapili, na alilitaka kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe.

Iakopo alisema mtoto ameshakua, aachiwe aamue. Fuatino alikwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, akalikunja shuka moja mara nne. Mara ya nne alipolikunja, hila ikamjia. Atampa Litara ruhusa ya kulala kwa Tegan Ijumaa, siku mbili kabla ya jibu, ili aone kwamba hata hapa nyumbani kuna uhuru. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Fuatino alikuwa ameweza kumliza mwana na kulia yeye vilevile.

Sasa ilikuwa saa tano, na uhuru huo ulikuwa unamla maini.

Akafungua kundi la simu la akina mama wa kanisa, watu sitini na wanne, akabonyeza, akasema kwa sauti iliyokatikakatika: "Akina mama, naombeni maombi yenu. Litara amekwenda kulala kwa Wazungu, na simu hapokei." Akatuma. Moyo ukatulia kidogo. Akaenda jikoni kupika, maana mkono usio na kazi ungerudi kupiga simu.

Alioka mikate midogo ya tui, trei tatu. Akapika sufuria ya tambi na nyama. Mtu hawezi kumpa mwanao kitanda na shuka halafu wewe ukae nyumbani umekunja mikono. Hilo hata asiyesoma analijua. Alipanga kuvipeleka asubuhi, saa ya heshima, kama saa nne hivi, avifikishe, ashukuru, amwone mtoto kwa jicho moja tu, aondoke.

Saa saba usiku simu ililia. Aliirukia na mikono yenye unga. Alikuwa Malaea, binamu yake mkubwa na mwenyekiti wa akina mama, mwanamke ambaye hata akinong'ona majirani huamka.

"Fuatino! Amepatikana?"

"Nani?"

"Nani! Litara!"

"Hajapotea, dada. Hapokei simu tu."

"Ndivyo wanavyoanza. Kwanza hapokei, halafu hajulikani alipo. Mke wa mchungaji yuko magotini tangu saa sita. Vijana wa kwaya wameshakizunguka kituo cha treni mara mbili."

"Malaea, niliomba maombi, sikuomba msako!"

"Maombi yasiyo na miguu yanafika wapi? Nyumba ya hao watu unaijua?"

"Naijua, lakini..."

"Saa kumi na moja na nusu niko kwako na gari la kanisa. Umepika?"

"Nimepika."

"Hapo umesema."

Angeweza kukataa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa, na kila mara alipata jibu lilelile la aibu: alitaka kwenda, na sasa alikuwa amepata wa kumsingizia.

Saa kumi na mbili na robo ya Jumamosi, gari la kanisa lenye jina la Bwana ubavuni lilisimama mbele ya nyumba ya mama yake Tegan. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia. Leanne, maana ndilo jina lake, alifungua mlango amevaa joho la kuogea, kikombe cha kahawa mkononi. Aliwatazama wanawake wawili waliovaa nguo za kanisani, na sufuria, na trei.

"Fuatino? Kuna nini? Kuna mtu amefariki?"

"Hapana, hapana. Tumekuja kushukuru."

"Saa hizi?"

"Tumechelewa kidogo," Malaea alisema. Akavua ndala, akasimama wima mbele ya ngazi, akaanza hotuba.

Ilikuwa hotuba kamili, kama anavyopokewa chifu. Aliisalimu nyumba na nguzo zake. Aliwasalimu wazee wa nyumba hiyo, walio hai na waliotangulia. Aliomba radhi kwa udogo wa zawadi, akizinyooshea mkono kwa dharau: vimikate hivi visivyofaa, kisufuria hiki cha aibu, kimkeka hiki kilichofumwa na wanawake wasiojua kufuma. Kimkeka chenyewe kilichukua miezi mitano, na Malaea alikuwa amekitoa kabatini kwake bila kumuuliza mtu. Leanne alisikiliza mdomo wazi. Hotuba ilipofika pumziko la kwanza, aliinua kidole, akaingia ndani, akarudi na pochi.

"Samahani sana, nina dola ishirini tu mkononi. Ni kwa ajili ya jengo la kanisa? Mikate mnauzaje?"

Fuatino alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Logan ina ukame. Ilibaki ngumu vilevile.

Ilichukua muda kueleweshana. Leanne alipojua ni chakula cha shukrani, alishika kifua na machozi yakamlengalenga, na aibu ya Fuatino ikazidi. Lakini alikuwa amekuja na swali, na swali lilikuwa limemchoma usiku kucha.

"Mama Tegan, Litara yuko salama? Simu yake..."

"Simu? Zimo kikapuni! Kwangu simu zote zinaingia kikapuni saa nne kasorobo, hazitoki mpaka kuche. Sheria iko kwenye friji, na Tegan ametia sahihi. Litara aliniomba atume ujumbe wa mwisho, nikamwambia, 'Mama yako ataelewa kwamba umelala.'" Leanne akacheka. "Nilikosea?"

"Hata kidogo," Fuatino alisema.

Usiku kucha alikuwa ameiona nyumba hii kama pango la wasio na sheria, na kumbe sheria zake zilikuwa zimechapwa kwa kompyuta.

"Wasichana wako jikoni nyuma," Leanne alisema. "Sidhani kama walilala. Ingieni." Malaea aliingia na sufuria kama mtu aliyezaliwa humo. Fuatino alirudi garini kuchukua boksi la samaki wa makopo lililobaki, na kwa kuwa mlango wa nyuma ulikuwa karibu zaidi, alipita ubavuni mwa nyumba. Huko kulikuwa na dirisha la jikoni, lina wavu wa nzi tu. Mtu mwingine angepita. Fuatino alisimama chini yake, akijiambia kwamba boksi ni zito.

"Kwetu kila kitu ni mkutano," ilikuwa sauti ya Tegan, huku kijiko kikigonga bakuli. "Nimechelewa dakika kumi, mkutano. Nimekasirika, mkutano. 'Hebu tuzungumze unavyojisikia.' Mama, najisikia usingizi! Ningependa siku moja anipigie kelele tu, tumalize, tukalale."

"Chukua wangu," alisema Thuy, rafiki yao aliyelala humo pia, binti wa Wavietnamu wenye duka la kucha karibu na stesheni. "Wangu anapiga kelele vizuri. Ila hajui kuomba msamaha. Akikosea anamenya matunda. Unasikia mlango, ngo ngo, unafungua, hakuna mtu, kuna sahani ya machungwa. Nilipofeli hesabu alinisema wiki nzima. Wiki iliyofuata nilikula tikitimaji mpaka tumbo likauma."

Wakacheka. Kisha Tegan akauliza, "Kwa hiyo wewe, Auckland unakwenda au huendi?"

Fuatino akasogeza sikio karibu na wavu.

"Sijui," Litara alisema. "Kule kuna mlango."

"Utahama nchi kwa ajili ya mlango?"

"Si mlango wenyewe." Kijiko kilikuwa kimenyamaza. "Usiku anakuja kusimama pale. Anadhani nimelala. Hasemi kitu, anasimama tu, nasikia ndala zake. Wakati mwingine nataka kumwambia aingie. Lakini nikimwita mara moja atakuja kila siku. Halafu nitakuwa sina hata pa kulia."

Boksi lilikuwa zito kweli sasa. Fuatino aliweka kidevu juu yake, akayafumba macho, na machozi yalikuwa njiani, yanakuja.

"Basi fanya ile sauti," Thuy alisema. "Fanya ile ya simu."

"Niache."

"Fanya!"

Litara akakohoa, na kutoka dirishani ikatoka sauti ya Fuatino mwenyewe, na mkwaruzo wake, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya swali. "'Litaaara! Nani huyo? Baba yake nani? Wanasali wapi? Dakika tano hujapokea simu! Nimeshawaita wafumaji, nimeshahesabu mikeka ya mazishi, imepungua miwili! Sasa uko hai, mikeka nitampa nani?'"

Ilikuwa kweli tupu. Usiku ule, kati ya trei ya pili na ya tatu, Fuatino alikuwa ameihesabu mikeka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiziba, kicheko chake kile cha kama bata, boksi likamponyoka, na makopo ya samaki yakabingirika kwenye zege hadi kwenye banda la mbwa.

Jikoni viti vikasukumwa nyuma.

"Hicho kicheko," Litara alisema polepole, "nakijua."

Wavu ukafunguliwa. Vichwa vitatu vikatokeza. Fuatino alikuwa amepiga magoti, anaokota.

"Mama."

"Nilikuwa napita."

"Na samaki?"

Fuatino aliinua kopo moja. "Walikuwa wanakusalimia," alisema, na Thuy akaanguka nyuma kwa kicheko. Litara hakucheka. Uso wake ulikuwa umejifunga.

Njiani kurudi Malaea aliendesha, akala mikate miwili ya shukrani aliyokuwa amepewa arudi nayo. Litara alikaa kiti cha nyuma na simu yake, iliyokuwa imetoka kikapuni.

"Mama, uliwaambia watu nimepotea?"

"Sikusema umepotea."

"Nina jumbe themanini na tatu. Mtu wa kwaya ameniuliza kama niko hai."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemjibu siko hai."

Malaea alicheka akapaliwa na mkate. Baada ya taa za barabarani za pili Litara alisema tena, akitazama nje: "Shangazi nitampigia kesho jioni."

Mchana huo Iakopo alipolala, Fuatino aliuburuta mlango kutoka gereji. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Siku ile aliung'oa kwa hasira, na hasira huwa na misuli yake. Skrubu mbili hakuziona. Akakumbuka alizitumia kukazia mguu wa meza. Akatafuta misumari. Alinyanyua, akaegemeza begani, akakaza na kugonga kwa mkono wa kushoto, akajibana kidole, akasema neno ambalo mke wa mchungaji halijui. Kufikia saa kumi mlango ulikuwa umesimama mahali pake, umeinama kidogo kama mlevi anayejitahidi kuonekana mzima. Litara alirudi kutoka dukani, akautazama, akamtazama mama yake na plasta ya kidole. Akaingia. Hakusema asante, na Fuatino, aliyekuwa amejificha nyuma ya jokofu akiisubiri, aliona ni haki.

Yote yangeishia hapo, lau isingefuata Jumapili.

Kanisani mchungaji alipanda mimbarini akiwa na furaha iliyomzidi. "Wapendwa," alisema, "usiku wa Ijumaa tulilia. Leo tunacheka. Mwana wetu Litara alikuwa amepotea, naye amepatikana!" Kanisa zima likasema amina. Vichwa mia mbili viligeuka kwenye viti vya kwaya, ambako Litara, kati ya sauti za pili, alikuwa amegeuka rangi ya biringani. Mzee mmoja wa safu ya mbele alitoa kitambaa akajifuta machozi. Malaea aliinua mikono.

Fuatino alimwona binti yake akitazama mlango wa kutokea. Aliujua mtazamo huo. Ni wa mtu anayehesabu hatua. Akajua kwamba jioni jibu litakuwa Auckland, na kwamba tiketi hiyo ameikata yeye Fuatino kwa mdomo wake.

Kwao mwanamke asiye na cheo hainuki kumsahihisha mchungaji. Hilo alilijua kabla ya kujua kusoma. Alipojitambua alikuwa ameshainuka, mkoba umemwanguka.

"Samahani, mchungaji," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma tena. "Hakupotea."

Mchungaji alishusha miwani.

"Alikwenda kwa rafiki yake. Mimi ndiye niliyempa ruhusa. Ile nyumba ni ya watu wazuri, wana sheria kuliko sisi. Mtoto alikuwa amelala." Akasita, maana hilo halikuwa kweli kabisa. "Alikuwa mahali salama. Mimi ndiye sikulala. Nikawanyima na ninyi usingizi. Mke wa mchungaji, nisamehe magoti yako. Vijana wa kwaya, nisameheni, na petroli nitarudisha."

Kisha kutoka safu ya nyuma sauti ya bibi mmoja ikasema, "Na mimi nilikuwa nimefunga hadi asubuhi!" na kanisa likapasuka kwa kicheko. Fuatino aliketi. Aliuokota mkoba. Kwenye viti vya kwaya Litara alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kutoka pale mama yake hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio.

Chakula cha mchana kilipita kwa kupeana sahani. Iakopo alisifu majimbi, akasifu samaki, akaishiwa na vya kusifu, akaenda kulala. Saa kumi na mbili jioni Litara aliingia chumbani.

Fuatino alivua ndala, akatembea pekupeku hadi pale. Aliinua mkono. Ulikuwa mwaka wake wa arobaini na tisa duniani na hakuwa na uhakika mtu anabisha mara ngapi, na kwa nguvu gani. Akabisha mara nne, kwa ngumi.

"Polisi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mama."

"Ingia."

Aliusukuma mlango, akabaki kizingitini. Litara alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, simu mapajani.

"Unataka nini, mama?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa najaribu."

"Kubisha?"

"Ee."

"Unabisha kama unataka kuubomoa."

"Nitapunguza."

Litara alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, lakini mdomo ulikuwa unapambana na kitu. "Ulimwambia mchungaji kwamba nilikuwa nimelala. Kanisani. Umedanganya madhabahuni."

"Nitatubu wiki ijayo. Hii imejaa."

Hapo kitu kile cha mdomoni kilishinda kidogo, kisha Litara akakirudisha mahali pake. "Nataka kumpigia shangazi."

"Mpigie."

"Peke yangu. Funga mlango."

Fuatino akatoka, akaufunga. Mlango ukakaa kitambo, ukatoa mguno, ukafunguka taratibu wenyewe hadi nusu, ukamwonyesha Litara na simu sikioni. Akaufunga tena, akausukuma kwa bega. Ukafunguka tena. Bawaba ya juu, ile ya misumari, ilikuwa imechoka siku ya kwanza.

"Mama!"

"Si mimi! Ni mlango!"

Akaufunga mara ya tatu, na safari hii hakuachia. Alishika kitasa kwa mikono miwili, akauvuta kwake, akaegemeza mguu ukutani ili apate nguvu. Kutoka ndani alisikia, "Haloo, shangazi," na papo hapo, kwa mguu uleule, aliufikia mlango wa chumba kidogo cha kufulia, akanyoosha kidole gumba cha mguu, akawasha mashine. Ilikuwa tupu. Ilianza kunguruma, ikameza maneno yote, na Fuatino akabaki amesimama kama mtu anayevuta kamba.

Iakopo alitoka chumbani akijikuna, akasimama.

"Unafanya nini?"

"Nafunga mlango."

"Mlango mtu anafunga anaondoka."

"Huu hauondokeki."

"Nilete bisibisi?"

"Usithubutu. Yuko kwenye simu na dada yako."

Iakopo aliisogelea mashine, akachungulia ndani yake, akaona hamna nguo, akamtazama mkewe. "Anasemaje?"

"Sijui," Fuatino alisema.

Iakopo alisubiri aendelee, maana katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kumsikia akiishia hapo. Alipoona hakuna zaidi, alikwenda kuweka chai.

Dakika zilipita. Mikono ilianza kufa ganzi, kisha bega. Mashine ilifika mahali inapobadilisha mzunguko, ikanyamaza kidogo, na katika ukimya huo sauti ikaja kutoka upande wa pili, karibu sana, kana kwamba mtu ameegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Mama, ni wewe umeshika?"

"Ni mimi."

"Unasikiliza?"

"Nasikia mashine tu."

Fuatino alilibana swali kwenye meno.

"Sijamaliza," Litara alisema. "Shika hivyo hivyo."

Mashine ikaanza tena. Fuatino akabadilisha mguu ulioegemea ukutani, akavuta.